Riba katika kihamba kisichoongezeka

Watu wengi tukitajiwa riba, akili zetu zinakimbilia kwenye adhabu yake ya akhera. Hilo ni sawa, kwani Allah (S.W.) hakutangaza vita dhidi ya wala riba kwa mchezo (rejea Qur'an 2:279). Lakini nimegundua darasani kwamba mwanafunzi akishaelezwa ubaya wa akhera, bado anabaki na swali lake la dunia. Kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza hivi: "Mwalimu, benki inapata faida, na aliyekopa anafanya biashara anapata faida. Sasa aliyedhulumiwa ni nani?" Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumkemea. Katika makala hii nitajaribu kulijibu kwa kuangalia upande mmoja tu wa jambo hili: riba inafanya nini mahali ambapo mali yenyewe haiongezeki.

Nitatoa mfano wa hapa kwetu, miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mfano wake uko wazi. Kihamba hakikui. Babu aliachiwa ekari kadhaa na baba yake, akawagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, na leo wako watu Machame, Kibosho, Uru na Marangu ambao kihamba chao hakifikishi hata ekari moja. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini ni tambarare kavu yenye wenyewe. Ardhi ni ile ile, watu ndio wanaozidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban milioni 1.64 katika mkoa wa Kilimanjaro, ile ya 2022 ikahesabu takriban milioni 1.86. (Suala la mabinti kunyimwa kabisa urithi wa kihamba, hata katika nyumba za Waislamu wanaosali safu ya mbele, nimeliacha makusudi. Linahitaji makala yake.)

Na kahawa je? Kahawa ndiyo iliyomfanya Mchaga asomeshe watoto. Wakulima wa mlimani walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kwa miaka mingi fedha za kahawa zilijenga shule, zahanati na barabara. Lakini mwaka 1989 mfumo wa mgao wa mauzo uliokuwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na ilipofika 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa chini kiasi kwamba wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi. Mibuni mingi iliyobaki imezeeka, na chulebuni na kutu ya majani haviishi. Kwa maneno mengine, kwa kaya nyingi za mlimani uchumi wa kihamba kwa zaidi ya miaka thelathini umekuwa umesimama pale pale, au umerudi nyuma. Mwenye nafuu ni yule anayeletewa fedha na mtoto aliyeko Dar es Salaam au Arusha.

Sasa hebu tuingize riba katika mazingira hayo.

Hesabu ya kitongoji

Chukua kalamu. Tuseme kuna kitongoji ambacho fedha zote zinazozunguka humo ni shilingi milioni 10, na kila mwaka mavuno ni yale yale, hivyo fedha haziongezeki wala hazipungui. Mtu mmoja ana milioni 1 asiyoihitaji. Anaikopesha kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka anapokea milioni 1.2, na kwa kuwa hana shida, anaikopesha yote tena. Mwaka wa nne anadai zaidi ya milioni 2. Mwaka wa kumi anadai zaidi ya milioni 6. Mwaka wa kumi na tatu anadai milioni 10.7, yaani zaidi ya fedha zote zilizomo katika kitongoji. Hajapanda mbuni wala hajauza hata mkungu mmoja wa ndizi.

Bila shaka haitafika huko. Kabla ya mwaka wa kumi na tatu fedha zitakuwa zimekwisha mikononi mwa watu na malipo yataanza kufanyika kwa kitu kingine. Ataanza mmoja kutoa ng'ombe, mwingine atatoa mabati, na wa tatu atatoa kihamba. Hapo ndipo tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho inapogeuka kuwa ya vizazi, maana fedha iliyopotea inaweza kutafutwa, lakini kihamba kikishaandikwa jina la mtu mwingine, mjukuu anazaliwa akiwa mpangaji Pasua au Njoro.

Hapa nataka kusahihisha jambo moja. Wako vijana wetu wanaohubiri kwamba riba haiwezi kulipika kamwe, kwa sababu fedha ya kulipia riba haijawahi kutengenezwa. Si kweli, na tusitetee dini kwa hoja mbovu. Yule mkopeshaji akichukua ile laki mbili ya riba akanunua ndizi kwa mama mmoja na akamlipa fundi wa hapo hapo amjengee ukuta, fedha imerudi kitongojini na mwakani inaweza kulipa riba nyingine. Deni linalipika. Tatizo linaanza pale riba isipotumika ikarudi kwa watu, bali inakopeshwa upya na kudai riba juu ya riba. Na tajiri, kwa utajiri wake, hana haja ya kula riba yake yote. Maskini hula chote anachopata. Kwa hiyo fedha ya yule inabaki ikizaa na ya huyu inapita tu. Na hata huyo mkopeshaji mwema anayetumia yote, bado mkopaji wake baada ya miaka mitano amekwishalipa milioni nzima ya riba na deni lake la milioni liko pale pale.

Nirudi kwa kijana wangu. Alisema mkopaji naye anapata faida. Ndiyo, katika uchumi unaokua kwa kasi kubwa kuliko riba hilo linawezekana: keki inapanuka, mkopeshaji anakata kipande chake na mkopaji bado anashiba. Lakini keki isipopanuka, kila kipande cha riba kimetoka katika sahani ya mtu. Mchumi wa Kifaransa Thomas Piketty, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2013 kuhusu mtaji, alikusanya takwimu za mirathi na kodi za nchi kadhaa kwa zaidi ya karne mbili, akahitimisha kwamba pale ambapo mapato ya mwenye mtaji yanakua haraka kuliko uchumi wenyewe, utajiri hulimbikizana kwa wachache. Si Muislamu, na wala hoja yake haikuhusu riba peke yake. Naitaja kwa sababu imetoka upande ambao hauna sababu ya kuipendelea Qur'an.

Anayelipa zaidi ni maskini

Mtu anaweza kusema Tanzania si kitongoji changu cha karatasi. Uchumi wa nchi unakua, mwaka 2024 ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Vema. Tulinganishe basi na bei ya fedha. Serikali ilipoanza kuuza hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021, iliahidi kulipa asilimia 15.95 kwa mwaka, wakati uchumi mwaka huo haukukua hata kwa asilimia 6. Mwaka uliofuata viwango vya hatifungani ndefu vilipunguzwa, jambo la kushukuru. Lakini waliowahi zile za mwanzo watalipwa kwa kiwango kile kile hadi muda wake uishe. Nani aliyekuwa na mamilioni ya kufungia kwa miaka 25? Na nani anayelipa riba hiyo? Inalipwa kutokana na kodi, na kodi ya ongezeko la thamani iko kwenye sabuni anayonunua mjane wa Rombo.

Shuka ngazi moja. Benki Kuu ilipoanza kutumia riba yake elekezi Januari 2024 iliweka asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Hiyo ni bei ya wakubwa. Mteja wa kawaida wa benki ya biashara hukopa kwa asilimia 15 hivi. Shuka tena kwa mama muuza mitumba wa Mbuyuni au Kiboriloni asiye na hati wala mshahara. Huyu anakwenda kwenye kampuni ya mikopo midogo, ambako Benki Kuu, kufuatia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Zidisha kwa miezi kumi na miwili: asilimia 42 kwa mwaka. Ukiirudisha kwenye kitongoji chetu, mkopeshaji wa asilimia 42 hangojei mwaka wa kumi na tatu. Mwaka wa saba tu anadai zaidi ya milioni 11. Na chini kabisa kuna wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la "kausha damu", wanaotoza asilimia 20 au zaidi kwa mwezi bila kujali kikomo chochote. Kwa asilimia 20 kwa mwezi, deni lisilolipwa linazidi maradufu ndani ya miezi minne.

Tazama ngazi hiyo vizuri. Kadiri mtu anavyokuwa maskini ndivyo anavyouziwa fedha kwa bei ghali. Wataalamu wanaeleza kuwa ni kwa sababu ya hatari: maskini hana dhamana, na mkopo mdogo una gharama za kuufuatilia. Maelezo hayo yana ukweli wake. Ila matokeo ni kwamba aliye na kidogo anachangia kumtajirisha aliye na kingi, na hilo halibadilishwi na maelezo.

Sisi walimu hatuhitaji kwenda mbali kuyaona. Wako wenzetu ambao kadi zao za benki na namba za siri zinakaa kwenye droo ya mkopeshaji. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Mwalimu anapewa kilichobaki, kisichomfikisha tarehe 15, kisha anakopa tena kwa mtu yule yule. Mshahara wa mwalimu nao ni kama kihamba, unapanda kwa nadra mno, na deni linapanda kila mwezi.

Mkulima asiyewahi kuingia benki

Kwenye kahawa kuna jambo ambalo wengi hatulioni. Mbuni mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vya kutosha. Mkulima akikopa milioni moja kununua miche bora na mbolea kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, na kama asingelipa kitu hadi mavuno ya kwanza baada ya miezi 36, angedaiwa 2,260,000 kwa hesabu ya riba ya kawaida, na kama riba inazaa riba, karibu 3,450,000. Hakuna kihamba cha kahawa kitakachozaa hivyo. Ndiyo maana mikopo mingi inayopanda mlimani haiendi kwenye mibuni. Inakwenda kwenye ada, matibabu na misiba, halafu inalipwa kwa kuuza kitu.

Mkulima mwingine atasema: "Mimi sijakopa popote." Nami humuuliza, chama chako cha msingi kilipata wapi fedha za malipo ya awali? Kwa desturi ya zao hili, msimu ukianza chama au muungano hukopa benki ili mkulima apewe chochote anapoleta kahawa, kisha kahawa inauzwa, na mkulima anasubiri malipo ya pili. Riba ya mkopo ule hukatwa kabla malipo ya pili hayajamfikia. Mnunuzi akichelewesha fedha mwezi mmoja, riba ya mwezi huo ni ya mkulima. Mzee ambaye hajawahi kukanyaga benki maisha yake yote ameshalipa riba kwa miongo. Simlaumu mzee huyo, wala siwalaumu viongozi wa ushirika kwa hili peke yake, maana mkulima hawezi kungoja miezi bila senti. Nasema tu gharama hiyo ipo na inaangukia kwa nani. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Waliofaidi ni wenye mibuni iliyosimama na kahawa isiyodaiwa.

Riba sifuri bila Qur'an

Japani ni mfano wa kufikirisha. Uchumi wao ulipodumaa katika miaka ya 1990, Benki Kuu yao ilishusha riba hadi karibu na sifuri mwaka 1999, na mwaka 2016 ikaipeleka chini ya sifuri, ikabaki huko hadi Machi 2024. Hawakufanya hivyo kwa uchaji, na hawakuifuta riba kama tunavyoielewa sisi. Walibanwa na hesabu: kitu kisichokua hakiwezi kubeba deni linalokua. Sisi wa mlimani tuna uchumi wa kihamba uliosimama kama wa Japani, na riba ambayo Mjapani hawezi hata kuiota.

Ukisoma Qur'an ukiwa na hesabu hizi mkononi, aya zinafunguka kwa namna nyingine. Katika 3:130 tunakatazwa kula riba inayorudufika juu ya riba. Wafasiri wanaeleza kuwa muda wa deni ulipofika katika zama za jahiliya, mdai alimtaka mdaiwa ama alipe ama akubali kuongezewa deni na muda. Haina tofauti na "penalti" ya siku hizi. Katika 59:7 imetajwa sababu ya ule mgao wa mali, kwamba mali isiwe kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Na katika 30:39 riba na zaka zimewekwa mkabala, ile isiyoongezeka mbele ya Allah na hii inayozidishwa.

Mkabala huo una maana kubwa ya kiuchumi. Mwenye milioni 10 zilizokaa tu mwaka mzima, benki ya riba inamwongezea. Zaka inampunguzia asilimia 2.5, mradi imefikia nisabu. Mfumo mmoja unamlipa mtu kwa kulaza fedha, mwingine unamsukuma aitoe ifanye kazi, aingie ubia, apate faida au hasara pamoja na wenzake. Ukichanganya na mirathi inayovunja rundo la mali kila mtu anapofariki, unaona kwamba Uislamu haukumkataza mtu kuwa tajiri. Umezuia rundo lisijilishe lenyewe.

Wazee wa mlimani walilijua hili kwa upande wa maji. Maji ya mfongo hayaongezeki, kwa hiyo waliweka zamu. Wewe unafungulia asubuhi, jirani yako jioni, na kila anayetumia mfongo anatoka kwenda kuusafisha. Hakuna aliyeazimwa zamu ya maji akatakiwa arudishe zamu mbili.

Tufanye nini basi?

Watu huniambia: "Shehe, hizo benki za Kiislamu nazo ni ghali." Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011, na benki nyingine zikafungua madirisha yasiyo na riba. Ni hatua njema. Lakini sehemu kubwa ya huduma zao ni murabaha, yaani benki inakununulia kitu na kukuuzia kwa bei ya juu kwa awamu. Ni halali masharti yake yakitimia. Ila mkulima anayelinganisha marejesho na kuona yanakaribiana na ya jirani aliyekopa kwa riba ana haki ya kuuliza. Tofauti ipo: bei ya murabaha ikishafungwa haiongezeki ukichelewa. Lakini murabaha haishiriki hasara ya mavuno, na kihamba kinahitaji mwenye mtaji atakayeshiriki.

Mimi naona njia iliyo karibu nasi zaidi ni bei ya salam. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza, bali aliwaamuru iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana, kama ilivyopokewa na Ibn Abbas. Chukua mpunga wa Chekereni na Mabogini. Mfanyabiashara wa Moshi mjini anamlipa mkulima fedha yote leo kwa magunia 10 ya sifa fulani, yatakayofikishwa mahali fulani tarehe fulani, kwa bei nafuu kuliko ya siku ya mavuno. Mkulima anapata mtaji bila deni la fedha. Mnunuzi anabeba hatari ya bei kushuka. Na mazao yakikosekana mnunuzi ana hiari ya kungoja au kurudishiwa fedha yake ile ile, bila nyongeza.

Hii si sawa na kununua kahawa ikiwa maua, ile ambayo ndugu zetu wa Kagera wanaiita butura. Mle mtu ananunua matunda ya miti maalumu ambayo hayajakomaa, tena kwa bei ya dhiki, na Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa kwake. Salam haifungwi kwenye mti wala shamba fulani, na fedha hulipwa yote pale pale, si nusu leo na nusu ukiona gunia. Kwa kahawa, ambayo kwa utaratibu wa nchi hupitia vyama vya msingi, salam ya mtu na mtu itagongana na kanuni. Huko ubia wa mtaji na chama chenyewe ndio unaofaa, na nafurahi kwamba Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa Moshi. Wako wataalamu wa kuandika mkataba huo, wakiombwa.

Wenye fedha wa kuanza wapo katika misikiti yetu. Nawafahamu Waislamu wenye maduka ambao wana madeni kwa wakulima na wapangaji wao, na ambao kila Ramadhani hufuturisha mamia. Katika Hija ya kuaga, Mtume (S.A.W.) alipofuta riba zote za jahiliya alianza na riba ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib. Alianza na wa kwake. Na mdaiwa aliyebanwa, 2:280 inaagiza apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye kitabu cha madeni dukani akifungue kabla ya msimu huu wa kahawa, aangalie nani amekwishalipa rasilimali yote na bado anadaiwa ziada, aikate ziada hiyo kwa wino mbele ya mashahidi wawili, na amrudishie mwenye kihamba hati yake.